Tundu Alilozaliwa Nalo

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema asije mtu akadai baadaye kwamba nilijificha. Tangu nikiwa msichana mama yangu aliniambia mdomo huu utanitoa kwenye ndoa, na watu wa kijiji cha mume wangu, huku nyuma ya Maganzo, watakuambia hivyohivyo hata leo. Sasa mtu mwenye mdomo kama wangu alinyamaza siku moja tu katika maisha yake, na siku hiyo ndiyo isiyompa usingizi. Nitaieleza. Lakini lazima nianzie nyuma kidogo, maana ukiisikia peke yake utanihukumu haraka, na watu wa kunihukumu haraka nimewachoka.

Tulikuwa tunaishi kwenye kambi ya wachimbaji upande wa Runzewe. Mume wangu alikuwa akichimba dhahabu na wenzake sita kwenye duara moja, yaani shimo lao, na mimi nilikuwa nawapikia na kuwauzia wengine wa jirani. Pale kambini kuna mwiko ambao kila mwanamke anaambiwa siku ya kwanza anaposhusha mizigo: ukiwa mwezini usisogee kwenye duara. Wanasema dhahabu inakimbia, kuta zinashuka, mtu anakufa. Dhahabu gani hiyo yenye pua ya kunusa wanawake, mimi sijui. Nilicheka nikiwa peke yangu jikoni, lakini niliufuata, kwa sababu wateja wangu ndio haohao.

Siku yenyewe mume wangu alinipigia simu kabla ya adhuhuri. Sauti ilikuwa ya furaha.

"Leo hatutoki. Tumekutana na mawe mazuri. Leta chakula hukuhuku."

"Wewe, si unajua niko kwenye siku zangu?"

"Njoo tu, mama watoto. Utaishia kwenye turubai, hutafika duarani, nani atajua?"

Nikajifunga kanga, nikajitwika sufuria la ugali na maharage, nikaenda. Naapa niliishia kwenye turubai. Kutoka pale niliwaona wakivuta kiroba cha mawe kwa winchi ya mkono, yeye upande huu, mwenzake upande ule. Kiroba kilikwama. Mume wangu akavuta pumzi, akaibana, akakaza tumbo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akaachia mpini na kukaa chini taratibu, kama mtu aliyekaribishwa kiti. Nikadhani anatania. Alipogeuza uso kunitazama, mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja na mate yanatoka.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Hakuwa mlevi, hakuwa mnene, na wiki ileile alikuwa amebeba gunia la saruji begani kwa mchezo tu ili wenzake wamshangilie.

Kabla hawajamtafutia gari mume wangu, walinitafuta mimi. Mwenye duara alikuja akasimama mbele yangu, wanaume wote wanasikia, akaniuliza, "Shemeji, uko safi?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Mwanamke mwenye akili angesema yuko safi. Mimi nikasema, "Siko safi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniita." Nusu ya kwanza waliisikia wote. Nusu ya pili hakuna aliyeisikia mpaka leo, na yule ambaye angeithibitisha alikuwa amelala kwenye vumbi hana neno hata moja kinywani.

Hospitali walituambia ni kiharusi. Picha ya kichwa ilionyesha kuna sehemu ya ubongo ilikosa damu. Wakampima presha, nzuri. Sukari, hana. Wakachukua damu yake chupa baada ya chupa, kila jibu likirudi zuri, na mimi nilikuwa nafurahi kama mjinga, sikujua kwamba kila jibu zuri lilikuwa linanikaba mimi. Mwisho daktari aliandika kwenye karatasi kwamba sababu haijafahamika. Nilimwuliza maana yake. Akasema, "Maana yake kwa sasa hatujui." Ndugu za mume wangu wawili walikuwa wamesimama pale pale, wakatazamana. Wao walikuwa wanajua.

Tukamrudisha kwao, kwa mama yake. Mkwe wangu ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Mume wake alimwachia watoto wanne akaenda zake, na yeye akawalea kwa kuchimba na kuchekecha mchanga pale Maganzo, akitafuta vijiwe vya almasi pamoja na wanaume. Huyo hakuwa mtu wa kubembelezwa. Habari ilikuwa imemfikia kabla yetu. Nilipoinama kumsalimu, "Shikamoo mama," hakuitikia. Alinyoosha kidole kuelekea kibanda cha zamani cha jikoni, kile chenye paa la nyasi nyuma ya nyumba.

"Utakaa kule," akasema. "Na mikono yako ikae mbali na mwanangu."

Miezi saba. Nilikaa kwenye kibanda kile miezi saba na binti yangu mdogo, moshi unatutoa machozi, na mume wangu yuko hatua ishirini tu, ndani ya nyumba ambayo sikuruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Muuguzi alikuwa amenionyesha namna ya kumkunja na kumnyoosha vidole kila asubuhi ili mkono usikauke. Nilipolisema hilo, shangazi wa mume wangu, mwanamke mwenye sauti ya kengele, akaniuliza kama nataka kummalizia hata mkono uliobaki. Wakaleta mganga, akamchanja chale begani na gotini. Baba yangu akaitwa kutoka kwetu, mzee wa watu, akaja na mbuzi mweupe wa kunitakasa. Mbuzi akachinjwa, akaliwa, na mimi nikabaki kibandani vilevile. Baba aliondoka bila kunitazama usoni.

Kwa nini sikuondoka? Watu wananiuliza. Nilikuwa na mtoto, kwanza. Na pili nilikuwa nasubiri. Kila siku nilikuwa nakaa karibu na dirisha lake nikichambua mchele au nikijifanya nachambua, nikimsikiliza anavyohangaika kutoa neno. Siku atakayoweza kusema, nilijiambia, atasema, "Mimi ndiye niliyemwita." Basi. Sentensi moja. Nilikuwa naingoja kama mvua.

Neno lake la kwanza lilikuwa "maji." Baadaye akaanza kuwaita mbuzi, kuwaita ndugu zake, kuomba tumbaku. Mwezi wa saba mkwe wangu alichoka kufua mashuka, akaniruhusu niyachukue mlangoni. Nikapata nafasi nikiwa peke yangu naye.

"Unaikumbuka ile simu?" nikamwuliza.

Alinitazama, kisha akatazama mlango. "Sikumbuki," akasema.

Sijui kama ni kweli. Ubongo wake ulikuwa umeumia, naelewa. Lakini jina la yule mbwa wetu wa Runzewe alilikumbuka, na mdaiwa wake wa kambini alimkumbuka. Nilifua yale mashuka siku hiyo mpaka vidole vikachubuka.

Shambulio la pili lilikuja siku ya mnada. Wote walikuwa wameenda mnadani, nimebaki mimi, mtoto, na yeye amekaa kivulini na kikombe cha uji. Nikasikia kikombe kimeanguka. Nilipofika, mkono ulikuwa unaning'inia na maneno yamemtoka tena, anatoa sauti tu kama mtu aliyejaza chakula kinywani. Mwiko gani tena! Nilimshika. Nilimkumbatia mume wangu kwa mara ya kwanza baada ya miezi hiyo yote, nikamvuta hadi barabarani, nikasimamisha bodaboda, nikamfunga kwa kanga zangu mbili katikati yangu na dereva, mtoto nikamwachia jirani, tukaenda Shinyanga mjini. Alikuwa mzito, na jasho lake lilinuka dawa za mganga. Nililia njia nzima kwa hasira.

Tulipofika maneno yalikuwa yamemrudia. Alianza kuona aibu, anasema amepona, turudi. Daktari wa zamu, kijana mwenye miwani, akakataa. Alisoma karatasi zake zote, moja moja, akasema, "Huyu hana presha, hana sukari, si mzee, na mshipa umeziba tena? Hapana. Nataka moyo wake ukaangaliwe." Akatuandikia rufaa ya Mwanza.

Moyo! Hakuna aliyekuwa ameutaja moyo. Sisi tulikuwa na kichwa, tuna mkono, tuna mguu, tuna mimi.

Mwanza walimlaza kwenye kitanda chembamba, daktari mwanamke akampaka mafuta baridi kifuani na kuweka kile kifaa chao. Moyo ukatokea kwenye kioo, unapiga, mweusi na kijivu. Wakachukua maji ya chumvi kwenye bomba la sindano, wakayachanganya na hewa kidogo na kuyasukuma huku na huku mpaka yakawa na povu, wakamchoma mshipa wa mkono. Upande mmoja wa moyo ukajaa vipovu vyeupe.

"Sasa kaza tumbo," daktari akamwambia. "Kaza kabisa, kama unanyanyua mzigo. Haya, achia."

Akaachia. Nikaviona. Vipovu vitatu, vinne, kisha vingi, vikipenya ukutani na kuingia upande wa pili. Hata mimi niliyeishia darasa la saba nilijua nimeona kitu.

Daktari aligeuza kiti akatutazama sote wawili. Alisema kati ya vyumba vya juu vya moyo kuna ukuta, na ukuta wa mume wangu una tundu lenye kipande cha nyama kama pazia. Siku zote pazia limefunga. Akikaza pumzi, linafunguka. Donge dogo la damu likitokea mguuni siku hiyo, badala ya kwenda kuchujwa mapafuni, linakatisha hapo na kupanda kichwani. Akauliza mara ya kwanza alikuwa anafanya nini. Nikamweleza kiroba, winchi, mishipa ya shingo. Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Kwa hiyo siyo mimi?" nikauliza.

Hakunielewa. Ikabidi nimweleze: mwiko, turubai, kibanda, mbuzi mweupe wa baba yangu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivua glavu akanishika mkono.

"Siyo wewe, mama. Nami siwezi kukuapia kwamba ni tundu, kwa sababu watu wengi wanalo na wanazeeka nalo bila kuugua. Nasema huenda. Lakini kwa kijana kama huyu, asiye na ugonjwa mwingine, ndilo ninaloshuku kuliko yote." Kisha akaongeza, na maneno haya nayajua kama jina langu: "Mkifika nyumbani waambieni si kosa la mtu yeyote. Si la mama yake pia. Sote tunakuwa na tundu hili tukiwa tumboni mwa mama, tukishazaliwa linaziba. Kwa wengine halizibi. Ndiyo basi."

Mume wangu alikuwa amekaa pale. Alisikia. Akaandikiwa dawa ya kufanya damu isigande, na wakatuambia tundu lenyewe linaweza kuzibwa Dar es Salaam bila kupasua kifua, siku tukiweza. Njiani nilikuwa nayarudia yale maelezo kimoyomoyo kama mwanafunzi anayekwenda mtihani. Ukuta, pazia, donge, si kosa la mtu, si la mama yake pia.

Kikao kilikaa Jumapili, uani. Baba mkubwa wa mume wangu ndiye aliyekiongoza. Shangazi alikuwepo, ndugu wote walikuwepo, mkwe wangu amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono yake mikubwa magotini. Nikasimama. Nikaeleza vipovu, pazia, kiroba. Nilieleza vizuri, acha nijisifu.

"Huyo daktari anasema ni hakika?" baba mkubwa akauliza.

"Anasema huenda."

"Ahaa." Akawatazama wenzake. "Huenda. Kwa hiyo hata yeye hajui."

Jamani! Damu ilinipanda mpaka masikioni. "Na mimi mlinifunga kibandani miezi saba kwa hakika ya nani? Nani alinipima? Mliniona na vipovu?"

Mmoja akakohoa. Niliona nimewakamata pabaya, nikasukuma: "Hili tundu hakulipata Runzewe. Alizaliwa nalo."

Shangazi ndiye aliyelidaka. "Alizaliwa nalo?" akasema taratibu, ile sauti yake ya kengele imeshuka. "Mimba ya huyu si ndiyo ile wifi alikuwa nayo akichimba Maganzo? Tulimkataza. Tulimwambia mwenye mimba hachimbi mashimo. Yeye alichimba mpaka mwezi wa nane. Haya, mtoto ametoka na shimo moyoni."

Shingo zote ziligeuka. Ziliniacha mimi, nasema kweli niliuhisi ule uzito unavyoniondoka mabegani, zikaenda kwa yule mama kwenye kigoda. Na mimi nilifurahi. Sitaki kudanganya hapa. Nilifurahi mpaka mwili ukanisisimka. Nikakumbuka kidole chake kikinionyesha kibanda, nikakumbuka baba yangu na kamba ya mbuzi mkononi, nikasema moyoni, onja na wewe.

Yale maneno ya daktari yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Si la mama yake pia. Mkwe wangu hakumtazama shangazi, wala hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi, kwa sababu ni mimi niliyekuwa na habari za hospitali. Mume wangu alikuwa anachunguza kandambili zake.

Nikakaa chini.

"Basi mkwe wetu hana kosa," baba mkubwa akasema, na kikao kikaisha. Walinipa mkono mmoja mmoja. Shangazi alinikumbatia.

Hakuna aliyemwamuru mkwe wangu ahame. Siku ya tatu nilimwona anabeba mkeka wake na chungu chake kwenda kibandani, mwenyewe. Mimi nikarudi ndani. Kila asubuhi nampa mume wangu kidonge kwa mkono huuhuu, anameza, na mkono wake nimeukunja na kuunyoosha mpaka sasa anashika kikombe. Wifi yangu alipojifungua, mtoto alizungushwa kwa bibi zake wote isipokuwa bibi yake mzaa mama. Moshi wa kuni umeyafanya macho ya mkwe wangu yawe mekundu, na huku kwetu bibi mwenye macho mekundu watu humsema kuwa ni mchawi, na wakishamsema, jambo linaweza kufika mahali ambapo sitaki hata kupataja. Shangazi ameshaanza kuyataja macho hayo kisimani.

Nilimwuliza mume wangu tukiwa tunamenya viazi. "Mbona hukumtetea mama yako? Si ulimsikia daktari?"

"Nilimsikia," akasema. Maneno yake bado yanaburuza kidogo. "Lakini wewe ndiye mwenye mdomo."

Nilitaka kumrushia kisu. Nikaendelea kumenya.

Juzi nilimpelekea mama chakula. Siku hizi namwachia mlangoni nageuka haraka, lakini juzi alikuwa amekaa palepale kizingitini, akaniambia nikae. Nikakaa. Akanawa, akamega ugali, akauacha mkononi bila kuula.

"Mwanangu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Yule daktari wa Mwanza. Alisema nini hasa?"

Nilikuwa naye peke yangu. Hapakuwa na kikao, hapakuwa na shangazi. Ilikuwa sentensi moja. Lakini nikimwambia, ataniuliza mbona sikusema siku ile, na nikishalijibu hilo nitarudi kuwa nani kwenye nyumba hii?

"Alisema alizaliwa nalo," nikasema.

Akaitazama mikono yake. "Nilichimba sana," akasema. "Nilikuwa na njaa, na wale watatu wana njaa. Nilichimba sana, kweli." Kisha akaushika mkono wangu kwa ule wake wenye ugali. "Na wewe nikakuweka humu kwa kosa langu mimi. Unisamehe, mayu, mama yangu."

Miezi yote ile ya kibandani nilikuwa namsubiri mtu mmoja katika ukoo ule aniombe msamaha. Ni yeye peke yake aliyeniomba.

"Nimeshakusamehe, mama," nikamwambia. Nikasubiri amalize kula, nikachukua sahani.